Na kabla ya hapo ulikuwa na kilo ngapi?

Picha zangu mbili zilikaa ukutani miezi minne katika jimu moja ya Tandika, Dar es Salaam, zimebandikwa kwa selotepu pembeni ya kioo kilichopasuka. Ya kwanza nimevua shati, mbavu zinahesabika, macho yameingia ndani. Ya pili nimekunja mkono, kifua kimejaa, uso umekuwa wa duara. Chini yake mwenye jimu aliandika kwa kalamu ya wino mzito: WIKI 5, KILO 9. Maandishi yale hayakuwa na uongo. Wiki zilikuwa tano na kilo zilikuwa tisa. Na bado kila kijana aliyesimama mbele ya picha zile aliondoka amedanganyika, huku mimi mwenyewe nipo pale pale na chuma mkononi, nikiulizwa "Kweli hii, bro?" nikijibu kweli.

Hiyo ilikuwa 2011. Siku hizi wadogo zangu wananionyesha picha za aina ile ile kwenye simu, siku 28, siku 30, "mwili mpya kabla ya Krismasi," na kila nikiziona nakumbuka ukuta ule.

Jimu yenyewe ilikuwa ua wa nyumba ulioezekwa bati nusu. Vyuma vyetu vilikuwa gia na flaiwili za malori zilizonunuliwa kwa wauza chuma chakavu, pamoja na makopo ya rangi ya lita nne yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Nilianza kupiga tizi pale 2009 nikiwa na kilo 61. Kufikia Februari 2011 nilikuwa na 68. Nazijua namba hizo kwa sababu nilikuwa na tabia ya kupima kwa wale vijana wanaokaa na mizani kando ya barabara Kariakoo, na kuandika nyuma ya daftari. Kilo saba kwa miaka miwili. Zilikuja taratibu mno. Sikuziona kwenye kioo, niliziona kwenye mashati, yalipoanza kubana mabegani.

Masika ya mwaka ule nikaugua. Malaria kwanza, kisha homa ya matumbo ikaingia juu yake kabla sijapona. Nililala wiki tatu, chakula hakipiti, mama ananinywesha uji kwa kijiko kama mtoto. Nilipoweza kutembea tena hadi mashine ya kusaga ya mtaani nikapanda kwenye mizani ya magunia. Yule bwana wa mashine akasogeza jiwe la mizani mpaka likatulia, akaniangalia usoni, kisha akasoma kwa sauti ya chini: 57.

Sijui kama mtu aliyekulia mahali pengine anaweza kuelewa uzito wa jambo hili kwetu. Lugha yetu yenyewe inatuambia. Mtu aliyenenepa "amenawiri," "ana mwili," "amependeza." Aliyekonda "amekwisha." Kizazi chetu kimekulia katika miaka ambayo mtu akikonda tu, majirani walishaanza kunong'ona kuhusu UKIMWI, na familia ikatazamwa kwa jicho jingine. Nilipokuwa napita sokoni nikiwa na kilo zile 57, mama mmoja aliyenizoea tangu utotoni aliniuliza, "Mwanangu, unaumwa nini?" lakini macho yake yalikuwa yanauliza swali jingine. Kijana anayetafuta mwili kwa haraka, mara nyingi hatafuti ubaunsa. Anataka watu waache kumwangalia hivyo.

Kwa hiyo niliporudi jimu, na mwenye jimu, ambaye sote tulimwita Mwalimu, aliponiambia, "Vua shati tuweke kumbukumbu, nitakurudishia mwili wako kwa mwezi mmoja," nilivua bila kuuliza. Alinipa kopo la maziwa lililobanduliwa karatasi. Ndani mlikuwa na unga mweupe unaoelekea njano, mtamu mwanzoni na uchungu kidogo ukibaki mwishoni mwa ulimi. Kijiko asubuhi, kijiko usiku, ndani ya uji.

Nikala kama msafiri aliyefika. Uji wa ulezi na karanga, ugali mara mbili kwa siku, mayai ya kuchemsha manne au matano, na supu ya makongoro ambayo mama aliipika kila Jumapili na kukaa mbele yangu mpaka niimalize. Nikarudi kwenye chuma siku tatu kwa wiki. Baada ya wiki tano nikapanda tena kwenye ile mizani ya magunia: 66. Mwalimu akapiga picha ya pili, akazipeleka zote mbili studio kuchapwa, na ukuta ukapata mapambo yake.

Kopo moja aliliuza shilingi elfu kumi na tano. Vijana walipanga foleni.

Mmoja wao alikuwa fundi wa kuchomelea, mwanagenzi wa miaka 19, mpole, mwembamba tangu kuzaliwa kama baba yake. Alikuja jioni moja bado ana alama za miwani ya kuchomelea usoni, akasimama mbele ya picha zangu muda mrefu. Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, hukuwa unakula kitu kingine?" Nikamjibu nilikuwa nakula vizuri na kunywa unga. Hapo ningeweza kumwambia, "Mdogo wangu, mimi nilikuwa mgonjwa." Maneno matano tu. Sikuyasema kwa sababu wakati ule hata mimi niliamini kwamba ni unga, na kwa sababu sifa ni tamu.

Akanunua makopo matatu mfululizo. Mwezi wa kwanza uso ukajaa, watu wakamsifu. Tumbo likajaa pia. Mwezi wa pili nikaona jambo ambalo lilipaswa kunishtua: ile gia aliyokuwa akiinyanyua juu ya kichwa mara nane alipoanza, sasa ilimshinda mara ya nne. Mwili umeongezeka, nguvu zimepungua. Baadaye sana aliniambia alikuwa amefikia mahali ambapo akichuchumaa chooni lazima ashike ukuta ili ainuke. Aliona aibu kumwambia mtu yeyote, na mimi niliyekuwa naye karibu kila jioni sikuuliza. Kisha hela ikamwishia, akaacha unga ghafla. Siku ya nne au ya tano akaanguka kazini, mkono ukiwa bado umeshika mashine ya kuchomelea. Ni bahati tu kwamba umeme ulikuwa umekatika dakika chache kabla.

Nilikwenda hospitali na mama yake. Daktari alikuwa mwanamama wa makamo, sauti ya taratibu. Alimchunguza mgongoni na mapajani, akamwonyesha mama michirizi myekundu kwenye ngozi ya tumbo, akauliza anakunywa nini. Mama hakujua. Nikatoa kopo kwenye mfuko. Alipolifungua na kunusa, alitikisa kichwa, akaniuliza na mimi kama nilikunywa. Nikamweleza habari yangu kwa fahari kidogo, nadhani nilitaka aone kwamba kuna aliyefaidika: kutoka 57 hadi 66.

Akasema, "Na kabla ya hapo ulikuwa na kilo ngapi?"

Nikanyamaza. Akarudia. "Kabla ya hizo 57, mwanangu."

"Sitini na nane, mama."

Hakusema kitu. Akaendelea kuandika. Mama wa yule kijana alikuwa ananiangalia, na nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba kilo zangu tisa zilikuwa hazijafika hata pale nilipokuwa Februari.

Mwalimu alikuja kukiri kwangu wiki moja baadaye. Unga ulikuwa maziwa ya unga na glukosi, na ndani yake vidonge alivyonunua rejareja na kuvitwanga katika kile kinu kidogo cha mkewe cha kutwangia iliki. Deksamethasoni, na kingine cha mzio kinachotia njaa na usingizi, saiproheptadini. Deksamethasoni, dawa inayoiga homoni ya mwili, ni dawa ya heshima ikiwa mikononi mwa daktari. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba inaokoa wagonjwa wa Uviko-19 waliohitaji oksijeni. Lakini mtu mzima aliyeinywa miezi miwili bila sababu, mwili wake hushika maji, mafuta huhamia usoni na tumboni, sukari hupanda, na misuli ya mapaja na mabega huliwa. Ndiyo, huliwa. Kijana alinunua misuli akauziwa kitu kinachokula misuli. Na kwa kuwa tezi zake zilikuwa zimezoea kuletewa homoni kutoka nje, zilikuwa zimelala. Alipoacha ghafla hapakuwa na kitu cha kumsimamisha. Ilimbidi arudishwe kwenye dawa ile ile kwa kipimo, kisha apunguziwe kidogo kidogo kwa wiki nyingi.

Baada ya pale nikaacha jimu ile. Nilipata kazi ya ukarani katika ghala la mahindi, na huko ndiko nilikojifunza kuhusu uzito. Lori likiingia linapimwa na mzigo, likishusha linapimwa tupu. Karani anayeandika uzito wa kuingia peke yake hajaandika chochote. Tena kuna unyevu. Kiwango chetu hakizidi asilimia 13.5, mahindi yakizidi hapo, kila gunia lina maji ambayo mnunuzi analipia kama nafaka. Wapo wanaoyalowesha makusudi usiku wa kuamkia siku ya kuuza. Mizani haidanganyi, lakini haikuambii kilichomo. Inabidi uchome bomba la sampuli katikati ya gunia.

Nikiwa kwenye kazi hiyo, miaka kadhaa baadaye, nilikutana na habari ya Casey Viator, na nilikaa nayo usiku mzima maana nilijiona ndani yake.

Viator alikuwa Mmarekani, bingwa wa Mr. America, shindano la watunisha misuli, mwaka 1971 akiwa na miaka 19 tu, mdogo kuliko yeyote aliyewahi kulitwaa taji hilo. Mei 1973, katika chuo kikuu cha Colorado State kule Fort Collins, alifanyishwa mazoezi kwa siku 28 chini ya Arthur Jones, mtu aliyetengeneza na kuuza mashine za mazoezi za Nautilus. Mazoezi 14 tu kwa siku zote hizo, kila moja kama nusu saa. Alianza na pauni 166.87, akamaliza na 212.15: zaidi ya kilo 20. Jones akatangaza kwamba kwa kuwa mafuta pia yalipungua, misuli iliyoongezeka ni pauni 63.21, yaani kilo 28 na nusu na kidogo. Kwa siku 28. Namba hiyo imekuwa ikirudiwa hadi leo, zaidi ya nusu karne, na wauzaji wa mazoezi ya miujiza bado wanaitegemea.

Sasa uliza swali la yule daktari. Kabla ya hizo pauni 166 alikuwa na ngapi? Alikuwa na takriban 200. Mapema mwaka ule wa 1973 alipata ajali kiwandani, akapoteza sehemu ya kidole, akachomwa sindano ya pepopunda na mwili wake ukaikataa kiasi cha kukaribia kufa. Miezi kadhaa hakufanya mazoezi, akashuka karibu kilo 15. Jones mwenyewe hakuficha. Aliandika kwamba Viator alikuwa anarudisha mwili aliokuwa nao. Lakini habari ikisafiri, mzigo kama huo ndio huwa wa kwanza kuanguka njiani. Hubaki siku 28 na pauni 63. Kama ukuta wa Tandika ulivyobakiza wiki tano na kilo tisa.

Niliipiga hesabu ile kwa kalamu, kwa tabia ya ghalani. Nyama ya msuli kwa kawaida ni maji kama robo tatu, na protini kama sehemu moja kwa tano. Kilo 28.67 za msuli zingehitaji kilo 5.7 za protini kavu. Gawa kwa siku 28: gramu 205 kila siku, ziingie zote kwenye misuli bila gramu hata moja kupotea, mbali na zile ambazo mwili unazihitaji kuendesha shughuli zake. Yai moja lina gramu kama 6. Hayo ni mayai 34 kila siku, kwa ajili ya nyongeza peke yake. Sisemi Viator hakuongezeka. Mizani ilisoma kilo 20 na naamini ilisoma sawa. Ninasema gunia halikuchomwa bomba vya kutosha.

Maana mtu aliyekaa na njaa akirudi mezani huongezeka kwa vitu vingi. Tumbo na utumbo hujaa. Misuli huweka akiba ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo hushika kama gramu tatu za maji. Mtu mzima anaweza kurudisha kilo mbili kwa njia hiyo katika siku chache bila kunyanyua chochote. Wanaotumia kriatini, ule unga wa wanyanyua vyuma, huongeza kilo moja au mbili wiki ya kwanza, nayo kwa sehemu kubwa ni maji. Na msuli uliowahi kuwepo hurudi upesi kuliko msuli mpya. Watafiti wa Oslo walionyesha mwaka 2010, kwa panya, kwamba viini vinavyoongezeka ndani ya seli za msuli unapokua haviondoki msuli unaponywea, vinabaki vikingoja. Ukinipa mimi niliyekwisha kuwa na 68, na Viator aliyekwisha kuwa bingwa wa Marekani, ukatupima baada ya ugonjwa, sote tutaonekana wachawi.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha utafiti wa Marekani uliochapishwa 1996. Wanaume 43 waliokuwa na uzoefu wa vyuma walifuatiliwa kwa wiki 10. Waliofanya mazoezi kwa bidii bila dawa waliongeza kama kilo 2 za mwili usio mafuta. Waliochomwa testosteroni, homoni ya kiume, miligramu 600 kila wiki na kufanya mazoezi waliongeza kilo 6 na kidogo. Waliochomwa bila kunyanyua chuma hata kimoja waliongeza kilo 3 na kidogo. Tazama hapo: kwa dozi iliyo mara kadhaa ya homoni ambayo mwili wa mwanamume hutengeneza wenyewe, pamoja na mazoezi, wiki 10, ni kilo 6. Basi mtu anapokuahidi kilo 10 kwa mwezi, mwenzangu, kuna ugonjwa uliotangulia, au maji, au vidonge, au picha si ya mtu mmoja.

Yule fundi alipona, ingawa ilichukua karibu mwaka mzima kabla ya kurudi kazini kama zamani. Nilikwenda kwao kuomba radhi. Mama yake alinipokea, akanipa chai, akasema tu, "Wewe ulikuwa mkubwa wake." Sina jibu la maneno yale mpaka leo. Picha nilikuwa nimeshazibandua siku niliyotoka hospitali.

Sasa Jumamosi jioni huwa nasaidia vijana wa mtaani kwetu. Tuna vyuma vichache na daftari. Kila mmoja ana ukurasa wake: uzito wa leo, uzito mkubwa aliowahi kuwa nao, aliumwa lini mara ya mwisho, anakula nini. Kisha kila mwisho wa mwezi, asubuhi kabla ya chai, tunapima. Agosti iliyopita mmoja wao, wa miaka 18, alishuka kwenye mizani karibu kulia. Mwezi mzima hajakosa zoezi, mayai ameyanunua kwa hela ya kubeba mizigo sokoni, na daftari linasema nusu kilo.

"Kaka, nusu kilo tu?"

Sikumjibu pale. Tulikuwa tunapita njia moja kurudi nyumbani, nikaingia naye buchani, nikamwomba muuzaji nusu kilo ya steki, isiyo na mfupa wala mafuta. Akaikata, akaiweka kwenye mizani, akapunguza kipande, akaifunga kwenye karatasi. Nikampa kijana ashike. Aliipima kwa kiganja, akaihamishia mkono wa pili, kisha akaufungua mkono wa kwanza na kuugusa juu ya kiwiko, kama anayetafuta mahali pa kuiweka.

"Hii yote?" akaniuliza.